LIKIZO YA BOTI, NA AKINA MAMA WALIOISHI NDANI YAKE

SEHEMU YA 1: Video niliyotumiwa

Mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila kusema kitu, tunawaona.

Najua niliahidi wiki hii tuendelee na mambo ya kunyonyesha. Naomba mnivumilie, tutarudi. Kuna kitu kimenikaa moyoni, nikaona nikiandike vipande sita, kidogo kidogo kila nikitoka zamu. Leo ni historia. Usikimbie, historia hii inakuhusu wewe mwenye mtoto mgongoni.

Mmoja wenu alinitumia video. Dada mmoja wa Kizungu yuko likizo Uingereza, peke yake, kwenye boti ndefu nyembamba kama penseli. Anapita kwenye mfereji wa maji uliotulia, miti huku na huku, mabata yanaogelea. Anaendesha taratibu, anasimama anapotaka, anachemsha chai, analala. Wiki mbili. Hakuna anayemuita.

Chini ya video mama huyo akaniandikia: "Dada nesi, hivi huyu watoto kamwachia nani?"

Nilicheka sana. Halafu nikaacha kucheka, maana nilijua hilo swali linatoka wapi. Linatoka kwa mtu ambaye hajalala usiku mzima tangu mtoto azaliwe, na anaangalia mtu mwingine amelala. Mimi mwenyewe niliitazama ile video mara tatu.

Nikaanza kusoma habari za zile boti. Kumbe kile chumba kidogo cha nyuma, ambacho leo mtu anakikodi akapumzike peke yake, zamani alikuwa anaishi humo baba, mama na watoto wao wote. Walizaliwa humo, waliugua humo, na wengine walifia humo. Na kulikuwa na nesi mmoja kando ya maji ambaye sikuwahi kusikia jina lake chuoni. Nilipomaliza kusoma habari zake niliona aibu, kwa sababu ya kitu nilichomfanyia mama mmoja kazini kwangu. Hiyo nitaisema mwishoni, sitaificha.

SEHEMU YA 2: Mifereji ilitoka wapi

Tuanze mwanzo. Kabla ya treni na malori, mzigo mzito ulikuwa shida kubwa. Barabara zilikuwa tope. Farasi mmoja anayebeba mgongoni habebi kitu cha maana. Lakini farasi yuleyule ukimfunga kamba avute boti iliyo juu ya maji yaliyotulia, anavuta tani nyingi, taratibu, bila kuvunjika mgongo. Sisi watu wa kando ya ziwa hilo hatuhitaji kufundishwa: mzigo unaoshinda wanaume kumi nchi kavu, ndani ya mtumbwi unasukumwa na mmoja.

Mwaka 1761 mfereji wa mtawala wa Bridgewater ulifunguliwa, kutoka machimbo yake ya makaa ya mawe huko Worsley kuelekea mji wa Manchester. Fundi mkuu alikuwa James Brindley, mtu ambaye kusoma na kuandika kulimpiga chenga lakini akili yake ya maji ilikuwa ya ajabu. Mfereji ulipofika mjini, bei ya makaa ikashuka karibu nusu. Matajiri walipoona hivyo, kila mmoja akataka mfereji wake. Ndani ya miaka kama sabini nchi ikajaa mifereji.

Sasa unajiuliza, maji yanapandaje mlima? Hapo ndipo penye lile jambo mliloliona kwenye video, yule dada akisukuma mti mkubwa kwa mgongo. Wanajenga chumba cha mawe ndani ya mfereji, chenye milango mbele na nyuma. Boti inaingia, milango ya nyuma inafungwa, halafu wanafungulia maji kutoka juu. Chumba kinajaa, boti inanyanyuka na maji, kisha milango ya mbele inafunguliwa na safari inaendelea. Ukishuka unafanya kinyume chake. Hakuna mashine, ni maji na mikono tu. Ndiyo maana hata leo mtu mmoja anaweza, ila atatoka jasho, na lazima aifunge boti yake vizuri kwa kamba kila mara anapotoka.

Boti zilijengwa kwa kipimo cha vile vyumba vya mawe: urefu kama mita 21, upana mita 2 na kidogo. Karibu urefu wote ni wa mzigo, maana mzigo ndio hela. Mwanzoni waendesha boti wengi walikuwa na nyumba nchi kavu. Mke na watoto walikuwa nyumbani, baba anaenda safari anarudi.

Halafu miaka ya 1830 na 1840 treni zikaja. Treni inakimbia, inabeba zaidi, bei inashuka. Wenye boti wakapunguziwa malipo. Baba akapiga hesabu: kodi ya nyumba siwezi, mshahara wa msaidizi siwezi. Afanyeje? Akamwambia mke wake, fungasha, tuhamie ndani ya boti. Mke akawa msaidizi asiyelipwa, watoto wakawa waongoza farasi.

Chumba chao kilikuwa kama mita 3 kwa 2. Sasa hivi simama katikati ya chumba chako cha kulala, upime kwa macho. Humo ndani weka jiko la makaa, kabati ambalo mlango wake ukiuangusha unakuwa meza, kitanda kinachokunjwa mchana, na watoto wanne, watano, hata zaidi. Halafu weka mama mjamzito. Siku ya uchungu ikifika, safari haisimami muda mrefu, maana boti iliyosimama haina malipo.

SEHEMU YA 3: Mtoto wa wiki tano ndani ya moto

Kabla sijawarudisha kwa akina mama wa mfereji, nataka mjue hii likizo ya boti peke yako ilianzaje. Maana haikuanzishwa na mtu wa boti.

Machi 1, 1825 meli iliyoitwa Kent ilikuwa baharini, magharibi ya Ufaransa, inaelekea India. Ndani walikuwa zaidi ya watu 600, wengi wao askari, na wake zao na watoto. Kulikuwa na dhoruba. Taa ikaanguka chini, palipokuwa na pombe kali inayovuja kwenye pipa. Moto. Baharini, dhoruba, na chini ya meli kuna baruti.

Kwa bahati ikatokea meli ndogo, Cambria. Boti ya kwanza ya kuokoa ikajazwa wanawake na watoto. Ndani yake alikuwemo mtoto mchanga wa wiki tano, jina lake John MacGregor. Wiki tano, mama zangu! Huyo bado hatujamchoma hata chanjo za wiki ya sita. Alivushwa akapona, na wazazi wake wote wawili wakapona. Zaidi ya watu 500 waliokolewa siku ile, lakini wapo wengi waliozama na kuungua.

Ungedhani mtoto huyo akikua ataogopa maji mpaka kufa. Wapi! Alikua akawa mwanasheria, na mwaka 1865, akiwa na miaka 40, akatengenezewa mtumbwi mdogo wa mti wa mwaloni na mwerezi, urefu mita 4 na nusu, uzito kama kilo 36, akauita Rob Roy. Akaingia humo peke yake na kasia lenye ncha mbili. Nguo zake zote za miezi ile zilikaa kwenye mfuko mmoja mdogo. Akapita mto Thames, akavuka kwenda Ulaya bara, akapita Meuse, Rhine, Danube, Reuss, Moselle, Seine. Pasipopitika kwa maji, mtumbwi ulipandishwa kwenye treni au mkokoteni wa ng'ombe. Usiku analala nyumba za wageni. Watoto wa vijijini walikimbia ukingoni kumshangaa.

Mwaka 1866 akatoa kitabu cha safari hiyo, kikanunuliwa sana. Mwaka huohuo akashiriki kuanzisha klabu ya mitumbwi London. Watu wenye nafasi wakaanza kuona kwamba mtu mzima anaweza kuchukua chombo kidogo, akaingia mtoni peke yake, si kwa biashara wala kwa vita, bali kwa kupumzika tu.

Sasa niambie ukweli. Unaona hapo kuna nini? Mwanaume, hakuwa na mke wakati ule, ana kazi ya heshima na hela ya nyumba za wageni. Simlaumu. Nampenda hata, kwa ujasiri wake. Lakini mwaka huohuo wa 1865, anapotoka London kwenda kupumzika juu ya maji, kuna mama yuko juu ya maji si kwa kupumzika. Anashika usukani kwa mkono mmoja, mtoto anamnyonya, mvua inamnyeshea. Maji ni yaleyale, maisha ndiyo tofauti.

SEHEMU YA 4: Walioitwa wachafu

Nimesoma maoni yenu. Wengi mmeuliza, hao watoto hawakuwa wanatumbukia? Walikuwa wanatumbukia, ndiyo. Akina mama wale walikuwa na ujanja wao: mtoto anayeanza kutambaa anafungwa mkanda au kamba kiunoni, inafungiwa kwenye bomba la moshi au ndoana juu ya paa, anacheza mpaka kamba inapoishia. Ukiona picha za zamani unaweza kusema ni ukatili. Mimi nasema mama huyo alikuwa anafanya kazi ya watu wawili na hakuwa na dada wa kazi. Ile kamba ndiyo ilikuwa dada wa kazi.

Mtu aliyepaza sauti kuhusu watoto wale aliitwa George Smith, wa Coalville. Yeye mwenyewe alifanyishwa kazi kwenye tanuri la matofali akiwa mtoto, akibeba udongo mzito kichwani. Alipokua akapigania watoto wa matofali mpaka sheria ikapita mwaka 1871. Halafu akageukia mifereji. Mwaka 1875 akatoa kitabu kuhusu watu wa boti, na mwaka 1877 Bunge la Uingereza likapitisha sheria: kila boti ambayo watu wanaishi isajiliwe, iandikwe inaruhusiwa kulaza watu wangapi, na wakaguzi waweze kuingia kuangalia usafi na magonjwa. Mwaka 1884 ikaongezewa nguvu, kwa kuwa ile ya kwanza wengi waliipuuza.

Alifanya kazi kubwa, nampa heshima yake. Lakini kuna upande mwingine. Ili watu wa bungeni washtuke, Smith aliwaeleza watu wa boti kama walevi, wachafu, wasio na dini wala adabu. Magazeti yakarudia. Jina likawakaa. Ukifika dukani na nguo za boti, unaangaliwa vingine. Watoto wakipelekwa shule kwa siku moja, boti ikiwa inasubiri kushusha mzigo, wanakalishwa nyuma, wenzao wanawacheka hawajui kusoma. Kesho boti imeondoka. Wiki ijayo shule nyingine, kuanza upya. Wengi walizeeka hawajui kuandika majina yao.

Na walikuwa wachafu kweli? Wapo waliokuwa wachafu, kama ilivyo kila mtaa. Lakini wengi vyumba vyao vilikuwa vinang'aa. Vitu vya shaba vimesuguliwa, pazia za kusokotwa kwa mkono, sahani zimetundikwa ukutani, ndoo na milango imechorwa maua ya waridi na majumba ya kifahari. Mama ambaye hakuwa na nyumba alikuwa na nyumba iliyochorwa kwenye mlango wa boti yake. Mimi nilipofika hapo niliweka simu chini kidogo.

Mimi kama nesi nawaambia: umaskini na uchafu ni vitu viwili tofauti. Ukivichanganya, unakosea dawa.

SEHEMU YA 5: Nesi wa Stoke Bruerne

Sasa tumefika kwa mtu wangu.

Kati ya London na Birmingham, kando ya mfereji, kuna kijiji kinaitwa Stoke Bruerne. Hapo boti zinapanda ngazi ya malango saba ya maji, halafu mbele kidogo kuna handaki la Blisworth, karibu kilomita 2.8 chini ya kilima, lililofunguliwa mwaka 1805. Zamani humo ndani hapakuwa na njia ya farasi, kwa hiyo watu walilala chali juu ya ubao, wakasukuma ukuta kwa miguu, kama wanatembea ukutani, gizani, mpaka upande wa pili. Kwa hiyo Stoke Bruerne kila boti inasimama, kwa kupenda au kwa kulazimika.

Mary Ward alizaliwa hapo. Baba yake alikuwa anatengeneza na kuwauzia watu wa boti kamba, kwa hiyo tangu mdogo aliwajua kwa majina. Akawa nesi, akafanya kazi mbali, akarudi kumuuguza baba yake. Akakaa. Nyumba yake ilikuwa palepale kando ya malango. Watu wa boti wakaanza kugonga mlango: mkono umebanwa na kamba, mtoto ana homa, mama anatokwa damu, jino, kidonda cha farasi alichopiga teke. Alifungua. Hakuuliza umetoka wilaya gani.

Hebu tulielewe hili, maana ndipo penye ujumbe wote. Huduma zote zilipangwa kwa mtu mwenye nyumba. Daktari ni wa eneo, shule ni ya eneo, msaada kwa maskini ni wa eneo. Mtu wa boti leo yuko hapa, kesho kilomita 30 mbele. Si wa eneo lolote. Kila ofisi ilikuwa na sababu nzuri ya kusema "wewe si wetu". Mary Ward alifanya kitu kimoja chepesi sana: aliwahudumia pale walipopita, akawasubiri watakaporudi, akawakumbuka. Mama mjamzito akipita anaelekea London, nesi anajua boti itarudi lini na tumbo litakuwa limefika wapi. Watu walipanga safari zao ili mama ajifungulie karibu naye.

Mwanzoni alitumia mfuko wake mwenyewe. Baadaye kampuni ya mfereji ikamtambua na kumlipa kama nesi wa watu wa boti. Mwaka 1951 akapewa nishani ya dola ya Uingereza, na mwaka 1959 BBC wakamfanyia kipindi cha televisheni cha kusimulia maisha yake. Alifanya kazi hiyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafariki mwaka 1972. Watu wa mfereji walimuita Sista Mary tu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaume walipopungua, wasichana wa mjini waliajiriwa kuendesha boti za mizigo, watatu watatu. Walivaa beji yenye herufi IW, na watu wakawatania kwa Kiingereza kwamba maana yake ni "wanawake wavivu". Wavivu! Wanapakia chuma London, wanashusha Birmingham, wanapakia makaa, wanarudi, mikono imepasuka kwa baridi. Wengi wao walisema baadaye kwamba waliofundisha mikono yao ni akina mama wa boti, walewale waliodharauliwa.

SEHEMU YA 6: Jinsi ilivyogeuka likizo, na lile nililoahidi kusema

Hii ni ya mwisho, ni ndefu kidogo, chukua chai.

Julai 1939 kijana mmoja mhandisi, Tom Rolt, na mkewe Angela, ndoa yao haijafikisha hata mwezi, waliondoka Banbury na boti ya mbao iitwayo Cressy, waishi humo na kuzunguka. Vita ikawakuta njiani. Mwaka 1944 Rolt akatoa kitabu, na watu waliochoka na vita wakakipenda mno. Mwaka 1946 yeye na mwandishi Robert Aickman na wenzao wakaanzisha chama cha kutetea njia za maji, maana mifereji mingi ilikuwa inafukiwa au inaachwa iote magugu. Mwaka 1948 serikali ikaichukua mingi.

Halafu ukaja msimu wa baridi wa 1962 kwenda 1963. Mifereji iliganda barafu kwa wiki nyingi. Boti zimekwama, mzigo umekwama, wateja wakahamia malori na hawakurudi. Familia za boti zikashuka nchi kavu, moja baada ya nyingine. Wazee wengine walilia kulala kwenye kitanda ambacho hakitikisiki.

Mwaka 1968 sheria mpya ikatenga mifereji mingi rasmi kuwa ya matembezi. Watu wa kujitolea wakaingia kwenye matope na majembe, wakafukua ile iliyokufa. Tangu 2012 sehemu kubwa ya Uingereza na Wales inatunzwa na shirika la hisani, zaidi ya kilomita 3,000. Mwendo unaoruhusiwa ni kama kilomita 6 kwa saa, yaani mtoto anayekimbia ukingoni anakupita. Na njia ya kutoka London kwenda Birmingham bado inapita mbele ya nyumba ya Sista Mary.

Kwa hiyo mama uliyeniuliza watoto kamwachia nani, sijui. Labda hana. Labda kawaachia baba yao, na baba yao yuko hai mpaka leo, hakufa kwa kuosha vyombo. Ninachojua ni kwamba chombo kile kilichokuwa kinamchosha mama wa jana, leo kinampumzisha mama mwingine, na tofauti ni kwamba kuna mtu mwingine ameshika kazi kwa siku chache. Mapumziko si boti. Mapumziko ni mtu wa kukupokea mtoto. Baba unayesoma kimyakimya, ndo wewe nakuongelesha. Siku moja kwa wiki, saa tatu tu. Mpokee mtoto, mama akalale, au akakae kando ya maji asifanye kitu.

Sasa lile langu.

Miezi kadhaa iliyopita, kliniki ya watoto, foleni ndefu, nimesimama tangu asubuhi. Akaja mama kutoka kambi za wavuvi visiwani. Mume wake anafuata dagaa, wanahama mwalo hadi mwalo. Mtoto wa miezi tisa. Kadi imelowa, nusu haisomeki, chanjo mbili hazimo. Nikampandishia sauti mbele za watu. Nikamwambia, "Nyie watu wa kambini mbona hamna utaratibu?" Hakujibu. Alichukua kadi yake, akaikunja, akaiweka kifuani. Nilimchanja mtoto, ndiyo, kazi niliifanya. Lakini tarehe ya kurudi ilipofika hakuja. Sijui alienda kituo kingine au hakwenda kabisa. Namuombea awe alienda.

Nilimuona mchafu wa utaratibu. Kumbe yeye alisafiri saa mbili kwa mtumbwi na mtoto mapajani ili aje achanje. Ni nani mwenye utaratibu hapo, mimi au yeye?

Sista Mary angemwambia karibu mama, pole kwa safari, mnahamia wapi mwezi ujao, tuone kituo gani kiko karibu. Maneno yale hayahitaji dawa wala bajeti. Tangu niliposoma habari zake nimeanza kuuliza hivyo, na namba ya simu ya kituo kinachofuata naiandika nyuma ya kadi kwa kalamu nzito. Siku mbili zilizopita mama mmoja wa kambini alinishukuru mpaka nikaona haya.

Kabla sijafunga, mambo matano, maana bila hayo mtasema nesi kaja kupiga stori:

1. Kadi ya mtoto iweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, na uipige picha kwa simu kila baada ya kliniki. Ikilowa au ikipotea, picha ipo.

2. Mnaohama, usiogope kwenda kituo usichosajiliwa. Chanjo ni haki ya mtoto popote alipo. Chanjo ikichelewa haimaanishi imepita, njoo tuone ratiba upya. Ukigombezwa, vumilia, mtoto achanjwe, halafu ulalamike.

3. Kwenye mtumbwi, jaketi la kujiokoa livaliwe mwilini, la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Kulikalia kama mto hakusaidii. Na usimfunge mtoto mgongoni kwa kanga ndani ya chombo. Chombo kikipinduka atazama pamoja nawe na hutaweza kumfungua.

4. Jiko la mkaa usiingize chumba cha kulala, hata kwa baridi, hata kwa dakika chache. Hewa yake haina harufu, inaua mtu akiwa usingizini. Zile boti za Uingereza siku hizi zinatakiwa kuwa na kengele ya kuitambua hewa hiyo, maana ilishaua watu ndani ya vyumba vidogo kama vyetu.

5. Homa baada ya kukanyaga maji yaliyotuama, hasa macho yakiwa ya njano au mkojo wa rangi ya damu, wahi hospitali. Mkojo wa panya unaambukiza. Watu wa mifereji waliujua ugonjwa huo, na kwetu Lindi mwaka 2022 tuliusikia kwa jina la homa ya mgunda.

Mama wa kambini, kama kuna mtu anakusomea hii: nisamehe. Ukipita tena upande wetu niulizie, dirisha la kwanza kulia.

Wiki ijayo tunarudi kwenye maziwa ya mama, hii ni ahadi ya kweli. Niandikieni hapo chini: kwako nani anakupokea mtoto ukichoka? Nitasoma yote nikitoka zamu. Usiku mwema.